Bei Si Thamani

Wako wasemao kwamba kadi kuukuu ya mwanamichezo haina maana ila ipatapo mnunuzi. Kweli, mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle, mcheza besiboli wa Marekani, iliyochapwa mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6. Lakini bei si thamani. Katika miaka ya 1960 Louis Leakey alifukua Fort Ternan mifupa ya nyani wa kale, yapata miaka milioni 14. Nani aliipeleka sokoni? Basi picha ya Wilson Kiprugut wa Kericho, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964, kwa nini itupwe jalalani? Ewe kijana, mali bila daftari hupotea bila habari. Sifa nayo ni mali, na picha ndiyo daftari lake.