Kama Ni Kuonja Tu, Tema



Leo nazungumza na wanaume, lakini akina mama msiende mbali. Kuna jambo limeingia nyumbani mwetu polepole, na tumelinyamazia kwa sababu halina kelele. Halina muziki wa baa, halina mtu wa kuokotwa mtaroni. Lina meza safi, glasi sita ndogo zenye tumbo, jagi la maji, daftari na kalamu. Wanaume wanaonja wiski nyumbani na kuipa alama, kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

Ukimuuliza, atakwambia: "Pasta, mimi sinywi. Mimi naonja."

Ndugu mmoja wa kanisa letu aliniambia hivyo kwa uso mkavu kabisa. Nilikuwa nimeenda kwake kupanga mambo ya posa ya binti yake, nikakuta chupa kumi na moja zimepangwa kabatini kama vitabu. Hakuzificha. Kwa hilo nilimheshimu, maana nawajua wanaume wanaoweka mzinga nyuma ya gunia la mahindi halafu Jumapili wanaongoza maombi.

Badala ya kumkemea nilimwambia, "Ndugu, nifundishe." Mchungaji anayehubiri juu ya kitu asichokijua anaaibisha mimbari. Nami nilikaa pale saa nzima nikijifunza, na nitawaambia nilichojifunza.

Wiski ni nafaka. Ile ya Scotland inayoitwa "malt" ni shayiri iliyooteshwa kidogo, ikakaushwa, ikachachushwa, kisha ikachemshwa na mvuke wake ukapozwa ukawa kinywaji. Sheria ya kule inataka ikae ndani ya pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na isiwe chini ya asilimia 40 ya kileo. Pipa lenyewe mara nyingi limetumika kabla, labda kwa wiski ya Marekani, labda kwa divai ya Uhispania, na ladha nyingi hutoka kwenye mbao hizo. Kila mwaka kama asilimia 2 hupotea hewani kupitia mbao. Wao huita hasara hiyo fungu la malaika. (Malaika gani hao, sikuuliza.)

Kisha akanipa ile ya kisiwa cha Islay ninuse. Nakiri hadharani, nilinusa. Kule hukausha shayiri kwa moshi wa mboji, udongo mweusi unaochimbwa kwenye kinamasi na kuchomwa kama kuni. Harufu yake ni moshi na dawa ya kidonda kwa pamoja. Nikamwambia, hii inanikumbusha kibuyu cha mursik kilichosuguliwa kwa mkaa. Macho yake yakang'aa. "Pasta, umeona? Una pua!" Akaandika neno mursik kwenye daftari.

Na jina. Wiski ni neno la Kigaeli, lugha ya kale ya Scotland na Ireland, na maana yake ni maji ya uzima. Nilinyamaza kidogo hapo. Mtu aliyesoma Yohana sura ya 4 hawezi kusikia jina hilo likabandikwa kwenye chupa akaendelea tu kama hakuna kitu.

Sasa, sitasema uongo ili nionekane mtakatifu. Kuna uzuri katika anachofanya. Mtu huyu, ambaye hula ugali wake akitazama simu, hukaa na glasi moja dakika kumi. Anatazama rangi. Ananusa, anaongeza tone la maji, ananusa tena. Anatafuta neno sahihi: asali, zabibu, ngozi ya kiatu kipya. Daftari lake lina safu nne, harufu, ladha, kinachobaki kinywani, na ulinganifu, kila moja alama 25. Nilijiuliza ni lini mara ya mwisho alimtazama mkewe kwa makini namna hiyo. Nikajiuliza pia ni lini mimi nilifanya hivyo na wangu, nikaamua kuendelea na somo la wiski.

Swali langu lilikuwa moja. Nilimuuliza, "Ndugu, unatema wapi?"

Hakuelewa.

Mko na watu Mombasa, si ndiyo? Waulizeni wanaoonja chai kwa ajili ya mnada. Mwonjaji husimama mbele ya safu ndefu ya vikombe, anachota kwa kijiko, anavuta kwa kishindo ili chai itawanyike mdomoni, anatoa uamuzi, anatema. Kikombe kinachofuata. Angemeza yote, angekosa usingizi wiki nzima na tumbo lingemshinda. Wanaoonja kahawa Nairobi hufanya vivyo hivyo. Na hata huko kwa wenye wiski yao, wachanganyaji wakuu hufanya kazi kwa pua zaidi kuliko kwa ulimi. Huizimua kwa maji hadi asilimia kama 20 wanuse vizuri. Wangemeza kila sampuli, kabla ya saa sita mchana hawangekuwa wachanganyaji tena bali wagonjwa.

Kwa hiyo nikamwambia ndugu yangu: kama ni kuonja tu, tema.

Akacheka. "Pasta! Chupa ya elfu kumi na mbili, niteme?"

Basi. Jibu lilikuwa limetoka lenyewe. Anayetafuta ladha akishaipata amemaliza kazi. Kinachoshuka kooni baada ya hapo kina shughuli nyingine na wewe, na shughuli hiyo haina safu katika daftari.

Tulipiga hesabu pamoja nyuma ya bahasha. Glasi sita za mililita 25 ni mililita 150. Kwa asilimia 40, hapo mna mililita 60 za kileo kitupu. Bia ya chupa ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Ina maana jioni moja ya "kuonja" ni karibu bia tatu kubwa, na hapo tumejifanya kuamini kwamba mkono wake unapima 25 sawasawa. Mkono wa mwenye nyumba haupimi hivyo. Na yeye huonja Jumatano, Ijumaa na Jumamosi.

Kisha nikaomba daftari. Nililisoma kurasa nyingi, na nataka uone nilichokiona. Glasi ya kwanza kila jioni ina maneno mengi, mwandiko umenyooka, alama 78, 81. Ya nne ina maneno matatu. Ya sita ina neno moja, "tamu!", mwandiko umepinda kama njia ya ng'ombe, na alama ni 93, 95, 94. Kila jioni, chupa yoyote iwayo, ile ya mwisho ndiyo bingwa. Ile iliyopata 94 ikiwa ya sita, wiki mbili baadaye ilikuwa ya kwanza ikapata 79. Hakuwa ameona hilo kamwe. Alilitazama daftari lake muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa risiti.

Najua wengine mmeshafika Kana. Mnaniandikia hapo chini, "Pasta, na Yesu je?" Sitapindisha Neno ili nikushinde. Ile ilikuwa divai, na mkuu wa meza aliionja akaisifu. Lakini nenda pia Mithali 23, uone jinsi mwandishi anavyokijua kinywaji. Anataja rangi yake, anataja inavyometa ndani ya chombo, anataja inavyoshuka kwa ulaini. Ni safu zile zile za daftari! Halafu anajaza safu ya kile kinachobaki mwisho, na hapo anamtaja nyoka. Huyo hakuandika kwa kusimuliwa. Mtu huyo aliionja.

Nina jambo lingine, na hili linanihusu mimi.

Nilikulia kijiji cha Vihiga ambako chang'aa ilipikwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nayo ni nafaka iliyochachushwa, ikachemshwa, mvuke ukapozwa. Hata kuipa alama tulikuwa nako. Mzee alimimina kidogo kwenye kijiko akawasha kiberiti, na ikiwaka samawati alisema hii ni ya kweli. (Usidanganyike. Methanoli nayo huwaka, na mwali wake karibu hauonekani. Mwali haukuambii kama kuna sumu. Februari 2024 kule Kirinyaga tulizika watu waliokunywa wasichokijua.)

Miaka michache iliyopita fundi mmoja wa viatu alikuja ibada akinuka chang'aa. Nilimsimamisha huduma ya kupanga viti siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Hakurudi. Ndugu yangu wa glasi sita, ambaye alichangia zaidi ya nusu ya spika zetu, nilijua habari zake miezi minane kabla ya kwenda kwake, na sikusema neno. Aliketi safu ya mbele. Mwenye chang'aa tulimwita mlevi, mwenye wiski tukasema ana ladha. Nimetubu mbele za Mungu, na wiki jana nilienda kibandani kwa yule fundi kumwomba msamaha. Alinisikiliza huku akiendelea kushona. Akasema, "Sawa, Pasta." Hajasema atarudi, nami sina haki ya kumharakisha.

Kwa hiyo usifikiri naandika haya nikiwa juu ya mlima.

Msimamo wangu mnaujua. Sinywi, na kanisa letu linafundisha kutokunywa. Lakini wewe unayesema unaonja tu, sitabishana nawe juu ya neno "tu". Nakupa jaribio ambalo waonjaji wa chai hulifanya kila siku ya kazi. Weka ndoo karibu na kiti. Onja, andika, tema. Fanya hivyo wiki mbili. Ukiweza, rudi unipinge, nitakusikiliza. Ukishindwa, afadhali ujue leo ukiwa bado na kazi, ini na mke.

Na kumbuka baa ina saa. Sheria ya vileo ya 2010 iliweka muda wa kufungua na wa kufunga, na hata ikivunjwa, kuna mhudumu atakayezima taa. Sebuleni kwako ni nani anayezima? Kwa ndugu yangu, mtoto wake wa miaka tisa ndiye huja saa nne usiku kuuliza kama baba bado yuko mtihani. Siku moja mezani, mkewe aliniambia, mtoto huyo alizungusha juisi ya embe kwenye glasi, akainusa, akasema, "Naipa 85." Watu wote walicheka isipokuwa mama yake.

Ndugu yule alinunua ndoo ndogo ya plastiki, ya samawati. Ijumaa saa nne na dakika arobaini usiku simu yangu ikalia. Ujumbe: "Pasta, nimetema mbili. Ya tatu imenishinda."

Nilivaa koti nikaenda. Mkewe alikuwa amepika chai ya tangawizi, na tukakaa watatu, ndoo pale chini, chupa kabatini. Sikumwambia azimwage, na hajazimwaga. Tulizungumza hadi saa saba juu ya baba yake, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akimtaja katika miaka yote ya kuwa kanisani kwetu.

Jumatano hii narudi, kwa sababu Jumatano ndiyo siku yake ya kwanza ya kuonja kila wiki. Kama nawe una daftari kama lile na ungependa mtu aje akae nawe jioni hiyo, niandikie faraghani. Sitauliza una chupa ngapi.

Mbarikiwe.