Kuachilia Kwaanza kwa Mwenye Nacho



Vijana wetu husoma katika simu zao habari za dini ya Budha, kisha hutuuliza: je, ni kweli kwamba nafsi haipo, na kwamba mwenye hekima hahuzuniki? Swali hili lastahili jibu la haki, kwani haifai kuwasingizia watu wasiyoyasema. Nao Mabudha si wageni kabisa katika nchi hii. Upanga, mjini Dar es Salaam, liko hekalu lililoasisiwa na Wasinhala wa Ceylon, nchi iitwayo Sri Lanka tangu 1972, waliokuja kufanya kazi zama za Waingereza.

Wao hufundisha kwamba hicho tukiitacho "mimi" ni mkusanyiko wa mambo matano: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia, na fahamu. Yote hubadilika, wala hamna ndani yake kidumucho. Mtu akikishikilia kipitacho kana kwamba ni chake milele, ndipo taabu izaliwapo. Lakini hawasemi kwamba mwenye hekima haumwi. Hupiga mfano wa mtu aliyechomwa mishale miwili: wa kwanza ni maumivu yenyewe, wa pili ni kuyapapatikia moyoni. Mwenye hekima hupatwa na ule wa kwanza tu.

Katika habari ya nafsi, twaachana nao. Sisi twaamini kwamba roho imeumbwa, itaulizwa, na itarejea kwa Mola wake. Ama katika kushikamana na dunia, Qurani yatuonya pia. Surat al-Hadid yatufunza tusijitie majonzi kwa kilichotupotea, wala tusijivune kwa tulichopewa. Naye Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, wala hakutamka ila lenye kumridhisha Mola. Basi chozi si upungufu wa imani.

Tunao mfano papa hapa Kilwa. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, asimulia kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa akitoka katika sala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakusema "njoo kesho." Alirudi, akazivua, akavaa nyingine, akampa zile. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Nduguye Daud, aliyemrithi, alikuwa akiwajibu maskini kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Leo jumba la Husuni Kubwa ni magofu, bali habari ya zile nguo ingali yasimuliwa.

Twayasema haya kwa sababu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika. Katika misiba kama ile, ni wepesi ulimi wa kumwambia mvuvi aliyepotewa na mashua: "Usihuzunike, dunia mapito." Ikiwa mashua yetu sisi i salama bandarini, maneno hayo ni ya Daud. Aliyepotewa tumwachie machozi yake, tumpe nyavu, unga na mkono wa kazi. Kuachilia dunia kwatupasa kwanza sisi tulio nayo.

Enyi wazazi, wafunzeni watoto hilo kwa kuwatuma na sahani kwa jirani, kabla ya kuwafunza kwa maneno.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono miepesi na nyoyo zenye subira. Amin.