Kisu Kimevunjika au Kisu Imevunjika?

Kuna usemi nimeusikia Kabambare, huku kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, nikausikia tena Kasongo, na kila anayeutoa huutoa bila kupepesa macho. Michezo ya kompyuta, wanasema, hutengenezwa na mainjinia wenye umeme usiokatika na intaneti isiyolala. Hata ile iitwayo huria, ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuifungua, kuisoma, kuirekebisha na kuigawa, ni huria kwao. Sisi tunaochajia simu kwenye plake, yaani paneli ya jua, ya jirani na kununua megabaiti kidogokidogo kama chumvi, kazi yetu ni kucheza, tena tukibahatika. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliufunga mjadala mbele ya vijana hivi: “Wanangu, jiko lenyewe hamjaliona, mtapikaje?”

Vijana walicheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba swali lake limebeba dhana ambayo hakuna aliyeihoji pale: kwamba mchezo ni msimbo, na asiyejua kuandika msimbo hana cha kuleta.

Tuutazame mchezo mmoja. Luanti, ambao hadi mwaka 2024 uliitwa Minetest, ulianzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland. Mchezaji anajikuta katika nchi iliyojengwa kwa vipande kama matofali. Anachimba, anakata miti, anajenga. Injini yake imeandikwa kwa C++, na hiyo kweli ni kazi ya mainjinia. Lakini karibu kila kitu ambacho mchezaji anakiona na kukigusa kimeletwa kama nyongeza juu ya injini hiyo na watu wengine, kwa lugha nyepesi iitwayo Lua. Na Lua ina hadithi ambayo mwalimu wetu angeipenda. Ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazili, nchi iliyokuwa imetoka tu katika miaka ya kuzuia kompyuta na programu za kigeni. Roberto Ierusalimschy na wenzake wawili walijipikia wenyewe kwa sababu jiko la watu lilikuwa mbali. Neno lua kwa Kireno ni mwezi.

Sasa tuingie ndani. Katika nyongeza nyingi za Luanti kuna folda ya lugha, na humo mna faili za maandishi matupu, ambazo hata simu ya bei ndogo huzifungua. Kila mstari una neno la Kiingereza, kisha alama ya =, kisha nafasi. Kushoto pameandikwa Stone, kulia unaandika Jiwe. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kujaza mistari hamsini kabla betri haijalalamika.

Ugumu unaanza kwenye mistari yenye alama kama @1. Alama hiyo ni shimo. Mchezo ukiendelea, programu inatumbukiza humo jina la kitu chochote kilicho mkononi mwa mchezaji. Tuseme sentensi inayotakiwa ni kwamba @1 kimevunjika. Aliyeiandika kwa Kiingereza hakuona tatizo, maana kitenzi cha Kiingereza hakijali kama kilichovunjika ni kisu au jembe. Chetu kinajali mno. Kisu kimevunjika, jembe limevunjika, mkuki umevunjika, nyundo imevunjika. Shimo moja, vitenzi vinne, na bado hatujafika kwenye wingi. Injinia aliyeko Helsinki anaweza kuusoma msimbo wake mara mia asilione kosa hili, kwa kuwa halimo kwenye msimbo. Limo vinywani mwetu. Anayeweza kulitaja ni yule anayekereka akisoma “jembe kimevunjika”, na mtu huyo huenda hajawahi kugusa C++ maishani. Akiandika taarifa fupi kulieleza, au akiipindua sentensi iwe “Kifaa kimevunjika: @1”, amekwisha changia, na amechangia jambo ambalo hata bingwa wa msimbo asingeliweza bila yeye.

Hapa kuna kichekesho ambacho nashindwa kukiacha. Mtoto wa Kabambare, akiwa nje ya darasa, hasemi kisu kimevunjika. Anasema kisu imevunjika, jembe imevunjika, mkuki imevunjika. Ndiyo Kingwana chetu, kinachochekwa Dar es Salaam na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu hata hapa kwetu. Kumbe mbele ya shimo la @1 Kingwana hakina shida yoyote: kiambishi kimoja kinavibeba vitu vyote, na sentensi ya mashine inapita bila kujikwaa. Sisemi tuiandike Luanti nzima kwa Kingwana. Tafsiri ya Kiswahili ya injini ile ipo tayari chini ya alama ya sw, na faili hiyo ni ya Lamu na Unguja kama ilivyo ya Kindu. Nasema tu kwamba Kiswahili cha Kongo kina alama yake katika orodha ya kimataifa ya lugha, swc, na asiyejua kuwa kisarufi kinatofautiana na kile cha pwani hawezi hata kuuliza swali la maana juu yake.

Wapo watakaosema tafsiri ni kazi ya pembeni. Wakumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Waswidi wa IT+46, kiliendesha mradi wa Kilinux na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Programu yenyewe ilikuwa tayari na ilikuwa huria. Kilichokosekana ni maneno, na maneno ndiyo yaliyowatoa jasho.

Au watazame bao. Alexander de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, alikwenda Zanzibar kujifunza kwa mabingwa wa huko, na mwaka 1995 akatoa tasnifu juu ya ubingwa wa bao. Miaka michache baadaye, mwaka 2002, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht wakaandika kuhusu kuliprogramu. Kuihesabia mashine kete 64 ni kazi ya siku chache kwa mtu aliyesomea. Kujua nyumba inalala lini, lini mchezaji analazimika kutakata, na lini anaruhusiwa kutakasia, hayo hayakuwa kwenye kitabu chochote cha kompyuta. Yalikuwa kwa wazee barazani. Na mashine ina maswali ya kijinga ambayo mzee hajaulizwa kamwe: kete zikizunguka bila kukoma, tufanyeje? Mzee atacheka, kisha atajibu, na jibu lake ndilo kanuni.

Nirudi kwetu, maana huku ndiko kwenye mali. Kabambare ni nchi ya dhahabu. Namoya, upande wa Salamabila, imechimbwa tangu ukoloni, na kampuni ya Banro ya Kanada ilikuja kujenga mgodi mkubwa papo hapo. Katika michezo mingi ya kuchimba, dhahabu hukaa kilindini, ndani ya mwamba. Unapiga kwa sururu, bonge linadondoka, unaliweka mfukoni, umetajirika. Mwonyeshe hilo mchimbaji wa kwetu atadhani unamtania. Yeye anaijua dhahabu ya mtoni: kokoto na udongo, maji yanayoelekezwa kwenye mfereji wa mbao, gunia au zulia lililotandazwa ili linase vumbi, karai la kumalizia, mgongo unaouma tangu asubuhi. Ikipatikana hupimwa kwa mizani ndogo, huku vumbi, huku sarafu kuukuu au vijiti vya kiberiti. Na kabla ya yote hayo yupo PDG, ndivyo anavyoitwa mwenye shimo, anayelisha wachimbaji wakati shimo halitoi kitu na kukata fungu lake linapotoa.

Hebu soma tena mistari hiyo kwa jicho la mtengeneza michezo. Kila kitu anachokitafuta kimo: kazi yenye hatua, bahati, deni, mgawanyo, hatari ya mvua kubwa kufukia shimo. Mchezo ni kanuni, na kanuni hizi zimekwisha jaribiwa na watu wazima kwa miaka mingi, kwa njaa zao. Kuzigeuza kuwa Lua ni mistari mia chache, ambayo kijana mwenye subira hujifunza, au humwomba mwenzake wa mbali amwandikie. Lakini yule wa mbali hawezi kuzibuni. Mwaka 2011 Molleindustria, yaani Mwitaliano Paolo Pedercini, walitoa Phone Story, mchezo wa kejeli juu ya simu zinakotoka. Sehemu yake ya kwanza ni watoto wa Kongo wanaochimba koltani chini ya bunduki. Apple waliuondoa dukani kwao upesi sana. Ulikuwa mchezo jasiri, sina ugomvi nao. Ila Mkongomani mle ni kivuli kinachochimba. Hana PDG wa kubishana naye, hana mizani, hana ujanja.

Historia nayo ni hivyohivyo. Freeciv, mchezo wa kujenga madola ulioanzishwa na wanafunzi watatu huko Denmark mwaka 1995, huweka kila taifa katika faili ya maandishi: majina ya viongozi, orodha ya miji. Ukitaka kuandika faili ya Maniema utaanza vizuri, Kasongo, Nyangwe, Kabambare, kisha utafika kwenye mstari wa viongozi na mkono utasita. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar, umweke? Kwake Kasongo palikuwa makao makuu, na msafara wake ulituletea lugha ninayoiandikia. Msafara huohuo ulibeba watu waliofungwa minyororo. Ukimwacha nje, je, umweke Dhanis, aliyeiteka Kasongo mwaka 1893 kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji? Mgeni atajaza mstari ule kwa dakika mbili. Mtu wa hapa atahitaji jioni nzima na wazee wawili.

Upo upinzani ninaouheshimu kuliko ule wa mwalimu: kwamba hii ni salongo nyingine. Wakubwa wetu walifyeka barabara bure kila wiki kwa amri ya Mobutu, sasa vijana wafyekee Wazungu programu? Jibu langu ni kwamba salongo ina mtu anayesimama na daftari la waliokosa. Huku hakuna. Naona inafanana zaidi na likilimba, ambamo leo tunalima kwako na kesho kwangu, na hata hapo ulinganisho una doa: katika likilimba zamu yangu naijua tarehe yake, huku sijui kama itafika. Anayetarajia mshahara asianze. Anayetaka mchezo unaoongea kama mama yake hatauziwa na mtu, kwa sababu hakuna kampuni iliyoona faida ndani yake.

Na intaneti? Git, chombo ambacho kazi nyingi za aina hii hutunzwa nacho, kilitengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watu waliotawanyika, na kinafanya kazi bila mtandao. Unauhitaji siku ya kupeleka. Faili ya maneno ya nyongeza moja ni nyepesi kuliko picha nyingi za WhatsApp. Luanti yenyewe husafiri kwenye flashi, na mashine moja ikigawa wifi yake, wengine wanacheza humo bila kulipia hata megabaiti moja. Kizuizi kikubwa ni kingine, nami nakikubali: mazungumzo ya watengenezaji ni Kiingereza, na vijana wetu wamesomeshwa kwa Kifaransa. Hapo kundi linahitaji japo mmoja aliyesomea Uganda au Tanzania. Hilo ni tatizo la kweli, na halitatuliwi na plake kubwa zaidi.

Mwezi uliopita niliwakuta vijana wanne kwenye burotiki moja, kiduka cha kuchapa na fotokopi, penye kompyuta moja, plake moja juu ya bati, na mstari mmoja uliowashinda. Kiingereza kilisema Respawn, kitufe unachobonyeza ukishakufa mchezoni ili uendelee. Mmoja alitaka Fufuka. Mwenzake kutoka Kasongo, mtoto wa Kiislamu, akakataa: kufufua ni kazi ya Mungu, haiwekwi kwenye kitufe. Wa tatu akasema Rudi, wakamwuliza arudi wapi. Wa nne, mdogo kuliko wote, akasema Lamuka, kama anavyoamshwa kwao asubuhi.

Mwalimu yule alikuwa amesimama mlangoni akisubiri fotokopi zake za mtihani.

“Lamuka si Kiswahili,” akasema. “Andikeni Amka.”

“Lakini mwalimu,” mdogo akajibu, “anayeamka alikuwa amelala. Huyu amekufa.”

Mwalimu akavuta kiti.