Acheni Kuwaita Watoto Wetu Wavivu

Kila muhula ukiisha, ripoti fomu zinafika nyumbani hapa Isiolo na maneno ni yale yale. "Hana bidii." "Mzembe." "Akijikaza anaweza." Mzazi ambaye hakusoma anaomba jirani amsomee, jirani anasoma kwa sauti, na mtoto amesimama pale pale akipokea hukumu yake mbele ya watu.

Leo nataka tuongelee hayo maneno, na sitabembeleza mtu. Nasema hivi: shule zetu zinachukua njaa, umbali na umaskini, zinaviita tabia mbaya ya mtoto, halafu zinaviandika kwa wino. Na tangu huu mtaala mpya uingie, wino huo umegeuka kuwa maksi.

Kabla hujakimbia kwenye maoni kuniambia bidii ni muhimu, pole pole. Najua. Tena utafiti uko upande wako. Wanasaikolojia wanapenda kugawanya tabia ya mtu mafungu matano: kupenda mambo mapya, kuwajibika, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kushikwa na wasiwasi. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Australia, Arthur Poropat, alijumlisha tafiti nyingi zenye wanafunzi zaidi ya 70,000 akaangalia ni fungu gani linatembea pamoja na alama za shule. Kuwajibika ndiko kulikoshinda. Yaani kufika kwa wakati, kumaliza ulichoanza, kutoacha kazi njiani. Kwa wanafunzi wa chuo, tabia hiyo ilitabiri alama karibu sawa na akili yenyewe.

Sawa, tumekubaliana. Bidii inalipa. Sasa swali langu ni moja tu: mtoto wa Isiolo amekosa bidii wapi?

Chukua kijana wa miaka 12 huko Merti ama Oldonyiro. Anaamka kabla ya jua, anahesabu mbuzi, anawapeleka malisho. Anajua yupi ni mgonjwa kwa kumwangalia tu anavyotembea. Anajua kisima kipi bado kina maji wiki hii. Jioni lazima arudi na idadi ile ile, na mmoja akipotea hakuna kulala hadi apatikane. Ama chukua msichana wa Kulamawe anayefuata maji na mitungi, anarudi anapikia wadogo zake, ndio sasa afungue daftari, na taa ni ya simu ya mama. Hapo umeona uvivu? Wallahi hiyo ndiyo kuwajibika yenyewe, ile ile ya vitabu. Shida ni kwamba mwalimu hana kisanduku cha kuiwekea tiki.

Mtasema haya ni maneno ya mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili. Ni kweli niliacha, ada ilinishinda, hilo halina siri. Lakini msinisikilize mimi, sikilizeni waliokuja kupima hapa hapa Kenya.

Miaka ya 1970 watafiti wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Waliuliza wazazi mtoto mwerevu ni yupi. Wazazi wakatumia neno ng'om. Mtoto ng'om ni yule anayeona kazi inahitajika na kuifanya bila kutumwa. Ukitaka kusema ni mwerevu wa masomo ilibidi uongeze: ng'om wa shuleni. Ilikuwa ni kitu cha pembeni! Halafu watoto hao hao walipoletwa mbele ya mtu mzima wasimulie hadithi waliyosikia, wengi walinyamaza. Walikuwa wamefunzwa kwamba mbele ya mkubwa unasikiliza, huropoki. Mtu asiyejua mila angeandika nini kwenye ripoti? "Mzito wa kuelewa."

Nenda upande wa ziwa, Usenge. Robert Sternberg na wenzake walipima watoto 85 wa Kijaluo wa miaka 12 hadi 15. Walikuta watoto wanajua dawa za miti shamba za kutibu magonjwa ya kwao, ujuzi wa maana kabisa mahali ambapo minyoo na malaria ni wageni wa kila siku. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yakatoa jambo la kushangaza: waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama ndogo kwenye majaribio ya msamiati. Hawakuwa wajinga. Muda na bidii yao ilikuwa imewekezwa mahali pengine, kwa sababu familia ziliona faida ya kweli huko.

Kwa hivyo ukiniambia mtoto hana bidii, nitakuuliza: hana bidii, ama bidii yake iko mahali ambapo hujaenda kuangalia?

Kuna lingine wanapenda kutupiga nalo: "Watoto wa siku hizi hawana subira, hawafikirii kesho." Hii imetoka kwa lile jaribio maarufu la Stanford. Mtoto wa chekechea anawekewa peremende mezani, anaambiwa akingoja bila kula ataongezwa ya pili. Walter Mischel na wenzake walifuatilia watoto hao, na walioweza kungoja wakaonekana kufanya vizuri shuleni baadaye. Dunia nzima ikaimba subira, subira.

Lakini wimbo una beti zingine ambazo hatuimbiwi. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia hesabu kwa watoto zaidi ya 900. Walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa mapema, uhusiano ule wa subira na masomo ulipungua kwa karibu theluthi mbili. Nayo 2017 jaribio hilo lilipelekwa Kamerun, kwa watoto wa miaka minne wa wakulima Wanso. Karibu asilimia 70 walingoja hadi mwisho. Watoto wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Kwa hivyo jamani, subira tunayo. Mtoto wa kijijini Afrika anajua kungoja kuliko mtoto wa Ujerumani.

Na hii sasa ndiyo inaniuma zaidi. Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Rochester Marekani, Celeste Kidd na wenzake waliwagawanya watoto makundi mawili. Kundi la kwanza liliahidiwa rangi nzuri za kuchorea na zikaletwa kweli. La pili liliahidiwa, mtu akarudi mikono mitupu. Baadaye ndio likaja jaribio la peremende. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Tabia ilikuwa ya mtoto ama ya mtu aliyemwahidi?

Sasa rudi hapa kwetu. Serikali iliahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi akaambia Bunge wazi kwamba pesa za kulipa zote hazipo. Mtoto anaambiwa elimu ni bure, halafu anarudishwa nyumbani kufuata ada. Anaambiwa soma utapata kazi, na barazani kwao kuna kaka mwenye digrii anayeendesha bodaboda ya mtu. Kutoka mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, na mtu aliyekuwa na karo ya ng'ombe akabaki na mifupa. Mtoto aliyeona hayo yote akipunguza imani kidogo, mnamwita asiye na malengo? Mimi namwita mtoto anayejua hesabu.

Kwa nini nasema hivi leo? Kwa sababu zamani hayo maneno ya ripoti yalikuwa yanauma tu. Mtihani wa kidato cha nne haukujua kama mwalimu alikuita mzembe. Sasa kwenye mtaala wa umilisi, kuingia Gredi 10 kunahesabiwa hivi: asilimia 60 ni mtihani wa Gredi 9, asilimia 20 ni ule wa Gredi 6, na asilimia 20 ni kazi zinazopimwa shuleni Gredi 7 na 8. Kundi la kwanza limepita humo na kuingia Gredi 10 Januari 2026. Kazi hizo za shule zinataka manila, rangi, picha za kuchapishwa saiba. Mtoto wa mjini Isiolo mwenye mama dukani analeta kazi inang'aa, anaandikiwa "anawajibika". Mtoto wa ndani kabisa, saiba iko kilomita ngapi kutoka kwao, analeta karatasi ya daftari ama haleti. Anaandikiwa "hajali". Hapo tumepima tabia ama tumepima mfuko?

Najua jibu mnalonitayarishia. "Mbona fulani alitoka manyatta na akapata A?" Alipata, na heshima yake iko palepale, tunampigia makofi. Lakini ukimwuliza vizuri atakuambia kuhusu mjomba aliyelipa ada, ama padri, ama mwalimu aliyemwachia kitanda cha bweni likizo nzima. Bidii alikuwa nayo, kama wenzake wengi. Kilichozidi ni mtu wa kumshika mkono. Tunachukua mmoja aliyevuka mto kwa bahati ya jiwe, tunamtumia kutukana mia waliokosa jiwe.

Na sisemi kila mtoto ni malaika. Wavivu wako, hata mimi nawajua, wengine wamesoma shule za bei na hakuna mtu anawaandikia chochote, wanaandikiwa mwalimu wa ziada. Mtoto wa tajiri akizubaa anapata tuisheni. Wa maskini akizubaa anapata jina.

Kwa hivyo nataka vitu vitatu, na havihitaji kamati.

Walimu, andikeni mlichokiona. "Hakuleta kazi ya nyumbani mara sita" ni ukweli, na mzazi anaweza kuufanyia kitu. "Mvivu" ni tusi, na mtoto ataliamini. Halafu mtu aulize sababu kabla ya kushika kalamu.

Wanaopanga kazi za kupimwa, mtaala wenu wenyewe umeorodhesha uwajibikaji kati ya maadili yake. Basi mhesabuni yule anayelinda mbuzi 60, na anayekamua ngamia maziwa yanayopelekwa Eastleigh kwa basi. Mwacheni aandike hesabu ya zizi lake, magonjwa anayoyajua, njia za maji. Hiyo ni sayansi, na haihitaji manila.

Na viongozi wa kaunti na taifa: sheria ya elimu ya 2013 ilileta baraza zima la elimu ya wafugaji, NACONEK. Shule za kuhamahama, mabweni, chakula cha mchana, hayo ndiyo yanayojenga hiyo bidii mnayoihubiri kwenye siku za zawadi. Mtoto aliyeshiba na anayejua mwalimu atakuwepo kesho, mtaona tabia yake "ikibadilika" ndani ya muhula mmoja.

Wewe mzazi, ripoti ikija na hilo neno, usimchape mtoto. Beba hiyo karatasi, nenda shule, uliza kwa heshima: "Mwalimu, ulimwona wapi akiwa mvivu?" Kisha ungoje jibu. Subira si tunayo?