Mwanao anataka kupima usalama wa tovuti? Mfundishe kwanza kubisha hodi

Chukua mfano huu, ambao mzazi mwenye kijana wa chuo hatapata shida kuutambua. Ni saa nne usiku. Mama anapita sebuleni na kumkuta mwanawe wa miaka 20 bado ameinamia kompyuta.

"Mama, njoo uone," kijana anaita kwa furaha. "Huu ni ukurasa wa ada wa chuo chetu. Hii ni risiti yangu. Sasa nikibadilisha namba hii hapa juu, inakuja risiti ya mwenzangu. Jina, simu, deni lake, vyote."

"Chuo wanajua?"

"Hawajui. Kesho nawaandikia. Huenda wakanipa kazi."

"Na umefungua za watu wangapi, mwanangu?"

Kijana ananyamaza kidogo. "Kama arobaini hivi."

Mama huyo ana mambo mawili mbele yake kwa wakati mmoja. La kwanza, mwanawe ana kipaji ambacho benki, kampuni za simu na taasisi nyingi zinakitafuta kwa taa. La pili, mwanawe huenda ametenda kosa la jinai akiwa amekaa kwenye kochi la nyumbani.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kupima usalama wa tovuti ni kazi halali. Mwenye tovuti humwajiri mtu ajaribu kuingia kama mwizi angeingia, kisha amweleze mwanya uko wapi kabla mwizi hajauona. Anayefanya kazi hiyo hupewa orodha ya kurasa anazoruhusiwa kugusa, tarehe za kuanza na kumaliza, na mambo ambayo haruhusiwi kabisa kuyafanya. Yote huandikwa na kutiwa saini.

Mwanya aliouona kijana wa mfano wetu si wa ajabu. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo mlinzi wa getini anakuuliza kama wewe ni mpangaji, lakini ukishaingia, ufunguo wako unafungua vyumba vyote. Tovuti ilimtambua kijana kuwa ni mwanafunzi, ila haikuuliza kama risiti anayoiomba ni yake. Taasisi ya OWASP, ambayo tangu 2001 inakusanya maarifa ya usalama wa tovuti na kuyatoa bure, iliweka kosa la aina hii nafasi ya kwanza katika orodha yake ya hatari 10 kubwa ya mwaka 2021.

Kwa hiyo kijana hakukosea kuhusu tatizo. Alikosea kuhusu ruhusa.

Nia njema si kibali

Hapa ndipo vijana wengi wanapojikwaa. Wanaamini kwamba kama hawakuiba kitu, hawana kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 haisemi hivyo. Kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta bila uhalali ni kosa lenyewe, hata kama hukuchukua senti. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida iliyopatikana iwapo hiyo ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2018, ambayo kwa kuingia bila ruhusa inataja faini hadi shilingi milioni 5 za Kenya au kifungo hadi miaka 3.

Marekani kuna kisa kinachofaa kusimuliwa mezani wakati wa chakula. Mwaka 2014, Ryan Pickren, mwanafunzi wa chuo cha Georgia Tech, aliingia kwenye kalenda ya tovuti ya chuo kikuu hasimu na kuweka tangazo la utani kabla ya mechi ya vyuo hivyo viwili. Alifunguliwa shtaka ambalo adhabu yake ingeweza kufika miaka 15 jela. Alinusurika kupitia utaratibu wa kutumikia jamii badala ya kesi kuendelea. Baadaye alielekeza ujuzi uleule kwenye kampuni zilizotangaza wazi kwamba zinakaribisha wapimaji. Shirika la ndege la United lilimlipa kwa maili za safari, naye akatoa maili milioni 5 kwa chuo chake. Mwaka 2020 Apple ilimlipa dola 75,000 kwa kuonyesha mianya iliyoruhusu tovuti kufikia kamera ya mtumiaji bila ridhaa yake.

Ni mtu yuleyule mwenye akili ileile. Mara ya kwanza hakuwa na kibali, mara ya pili alikuwa nacho. Lakini si kila kijana hupata nafasi ya pili.

Aanzie wapi?

Kijana hahitaji tovuti ya mtu ili ajifunze. Zipo zilizotengenezwa mbovu kwa makusudi. OWASP wana Juice Shop, duka la juisi lisilokuwepo, ambalo mwanafunzi huliweka kwenye kompyuta yake na kulivunja atakavyo. Kampuni ya PortSwigger inatoa Web Security Academy, masomo ya bure yenye mazoezi ya kila aina ya mwanya. Kampuni hiyo pia ndiyo yenye Burp Suite, programu inayokaa kati ya kivinjari na tovuti ili mpimaji asome na kubadilisha kila ombi kabla halijaondoka. Toleo lake la kuanzia halilipiwi.

Kabla ya hapo, ajue tovuti inavyojengwa. Anayetaka kupima ukuta sharti ajue matofali yanavyopangwa. Miezi michache ya kujifunza HTML, JavaScript na namna taarifa zinavyohifadhiwa haipotei, hata akibadili mawazo baadaye.

Akishakomaa, kuna majukwaa kama HackerOne na Bugcrowd. Kampuni huandika humo ni kurasa zipi zinapimwa, zipi ni marufuku, na malipo ni kiasi gani. Maandishi hayo ndiyo kibali chake, na akiyavuka, kibali kimekwisha. Mwaka 2019, Santiago Lopez wa Argentina, akiwa na miaka 19, alikuwa wa kwanza kufikisha dola milioni moja kupitia HackerOne. Kijana atakuonyesha habari hiyo. Muulize kama amesoma kwamba malipo ya kwanza ya Lopez yalikuwa dola 50. Mwambie pia kwamba mwanya ukiripotiwa na wawili, kwa kawaida hulipwa aliyetangulia. Wengi hukaa miezi bila kupata kitu, kwa hiyo hilo liwe zoezi la pembeni huku akisoma au akifanya kazi nyingine ya kompyuta.

Nafasi ya mzazi

Huhitaji kujua kompyuta ili kumlea kijana huyu. Swali moja linatosha, ulizoee kama unavyozoea kuuliza "umekula?": *Nani amekuruhusu, na ruhusa imeandikwa wapi?* Kama hana jibu, afunge ukurasa.

Mwekee bando na meza ya kufanyia kazi, ila usikimbilie kuuza kiwanja kwa ajili ya cheti. Mtihani wa OSCP pamoja na kozi yake unapita dola 1,500. Una heshima kwa waajiri, lakini ni wa aliyekwisha kupata msingi. Anayetangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba atamfanya mwanao kuwa mdukuzi kwa siku saba anataka hela yako tu.

Mhimize aandike. Mpimaji hulipwa kwa ripoti: mwanya ni upi, ulionekana kwa hatua zipi, unaweza kuleta madhara gani, na uzibweje. Asiyeweza kueleza alichokiona ataonekana hajaona kitu. Kila akimaliza zoezi, akusomee maelezo yake. Ukimwelewa wewe usiyejua kompyuta, meneja wa benki atamwelewa.

Na ukisikia jirani anamwomba "amfungulie" simu ya mumewe, ingilia kati siku hiyohiyo. Vijana wengi huanza kuharibika kwa kazi ndogo ya kumsaidia mtu wanayemheshimu.

Tumrudie mama yule

Yeye hakupiga kelele, wala hakusifu. Alivuta kiti. "Moja ingetosha kukuonyesha tatizo," alisema. "Hizo thelathini na tisa zilikuwa za nini?"

"Nilitaka kuhakikisha, mama."

"Ulitaka kuchungulia, baba. Deni la mtoto wa mwenzangu ni siri yake na mzazi wake."

Usiku ule kijana hakuendelea kufungua, hakumtumia rafiki picha hata moja, wala hakuandika barua ya kuomba kazi. Barua ya namna hiyo, "nimeona siri zenu, nipeni kazi," husomeka kama vitisho hata kama mwandishi hakukusudia. Asubuhi mama alifunga genge mapema, wakaenda wote wawili kwanza kwa wakili wanayemfahamu, kisha kwa mhadhiri anayeaminika, na kijana akaeleza yote, pamoja na idadi.

Hakuna aliyewaahidi kwamba yangeisha salama. Lakini njiani kijana alijifunza sehemu ya kazi ambayo kompyuta haikumfundisha: mlango ukiwa wazi, mwungwana bado husimama nje na kubisha hodi.