Visasili Vilivyofungiwa: Sarafu za Kale za Kigiriki Katika Mapambo

Miongoni mwa masonara wa Ulaya na Marekani, sarafu za Kigiriki zilizopigwa chapa kabla ya Kristo hutiwa katika dhahabu na kuuzwa kama pete na vidani. Nyumba ya usonara ya Bulgari, Roma, iliueneza mtindo huu kuanzia miaka ya 1960. Desturi yenyewe si ngeni, kwani Warumi wa karne ya 3 B.K. nao walizivaa sarafu zao za dhahabu. Kwa hiyo, suala si iwapo sarafu yaweza kuwa pambo, bali ni kile kinachopotea inapobaki kuwa pambo tu.

Sarafu ni matini yenye kurasa mbili. Drakma nne ya Athens ya karne ya 5 K.K., yenye fedha ya takriban gramu 17, ina uso wa Athena upande mmoja. Upande wa pili una bundi, tawi la mzeituni na herufi tatu za jina la Waathene. Sonara akiuziba upande huo, mlinzi wa dola hugeuka kuwa sura ya mwanamke aliyevaa kofia ya vita.

Hali ni hiyo hiyo kwa drakma kumi za Syracuse, kazi za Kimon na Euainetos. Arethusa, aliyezungukwa na pomboo, ndiye chemchemi ambayo kisasili husema maji yake yalipita chini ya bahari kutoka Ugiriki hadi Sicily. Kwa walowezi, hicho kilikuwa kisasili cha asili yao. Nyuma yake huenda gari la farasi wanne, na Ushindi akiruka kumvika mwendeshaji taji. Maji na ushindi husomwa pamoja.

Wapo watakaodai kwamba anayeivaa sarafu huihifadhi. Dai hili lina ukweli, lakini ni nusu tu. Watafiti wa fasihi simulizi wanafahamu kwamba kisasili hakieleweki kikitengwa na jamii na muktadha wake. Vivyo hivyo, sarafu iliyotolewa kwenye hazina yake bila kumbukumbu imenyang'anywa ushahidi wa mahali na wakati.

Picha, hata hivyo, yaweza kusafiri bila ya sarafu yenyewe. Tangu 2002, bundi wa Athens yumo katika sarafu ya yuro 1 ya Ugiriki, na hakuna sarafu ya kale iliyoguswa. Masonara na waige mfano huo: nakala ivaliwe, asili isomwe.