Umeme wa Chombo Kidogo: Tuanze na Hesabu

Katika pwani yetu, tangu Moa hadi Msimbati, vyombo vidogo vya uvuvi vimeanza kuchukua vifaa ambavyo zamani vilionekana katika meli tu: redio za mawasiliano, vipokezi vya satelaiti vinavyoonyesha mahali chombo kilipo, na vitafuta-samaki vyenye vioo vya rangi. Jambo hilo ni la kufurahisha. Lakini utaratibu unaotumika kuvichagua ni wa kinyumenyume. Mnunuzi huanza na kioo kikubwa kuliko vyote ambacho fedha yake yaweza kukifikia. Kisha hununua redio endapo kuna baki. Betri huwa ni ile ya gari iliyokuwapo. Na waya ni wowote ule uuzwao dukani kwa mita. Maoni yangu ni kwamba utaratibu huo wapaswa kupinduliwa, na kwamba elimu inayohitajika ili kuupindua inafundishwa tayari katika somo la fizikia la shule ya sekondari.

Yafaa tukumbuke kwanza chombo chenyewe huwa mahali gani. Mkondo wa bahari upitao pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongeza nguvu. Tuseme mashua ya urefu wa mita 8, yenye injini ya kupachika, imeharibikiwa na injini nje ya miamba ya Mafia, jua likitua. Ikiwa mkondo unakwenda maili 2 za bahari kwa saa, kufikia alfajiri mashua hiyo itakuwa imechukuliwa maili 24, yaani takriban kilometa 44 kutoka mahali ambapo jamaa watakwenda kuitafuta. Muda wote huo injini haichaji kitu. Chochote kitakachowaka au kusema ndani ya chombo hicho kitaishi kwa betri peke yake. Basi mtu akiingia dukani, swali la kwanza limpasalo ni hili: ni vifaa gani vitakavyotuwezesha kuonekana na kusikika usiku kucha, injini ikiwa imenyamaza?

Jibu linaanzia kwenye betri, kitu ambacho wengi hukichagua mwisho. Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi katika miji na vijiji vyetu. Betri ya volti 12 ina seli 6 za volti 2 hivi kila moja. Ikiwa imejaa na kupumzika, husoma karibu volti 12.7, ikibaki nusu husoma karibu 12.2, ikisoma 11.9 imekwisha. Mwanafunzi aone jinsi nafasi iliyopo kati ya kushiba na kufa ilivyo ndogo: haifiki hata volti 1. Ndiyo maana mvuvi anayepima betri yake kwa kutazama kama taa inawaka hujua habari ya kifo chake baada ya mazishi.

Tena betri hizi si za jamii moja. Ile ya gari imetengenezwa kwa bamba nyembamba nyingi, ili itoe mkondo mkubwa sana kwa nukta chache, injini iwake, kisha ijazwe papo hapo. Ukiikamua polepole usiku kucha mpaka chini, na kurudia hivyo kila siku, bamba zake huporomoka unga, na fuwele za salfeti ya risasi hugandamana zisiweze kuyeyuka tena. Betri itakayostahimili kazi hiyo ni ile yenye bamba nene, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoa umeme pole pole. Nayo pia haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Kwa hiyo betri iliyoandikwa ampea-saa 70 ichukuliwe kuwa ina 35 za kutumia.

Betri za lithiamu, ambazo waasisi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, ni nyepesi, na ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma huweza kutoa asilimia 80 au zaidi ya shehena yake bila kudhurika. Sizikatai. Bei yake ni kubwa zaidi, na huhitaji chaja iliyo yake. Aliye na uwezo na azinunue, lakini hesabu ifuatayo haimwepuki naye.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kujumlisha tu. Kwa kila kifaa tunachukua mkondo wake kwa ampea, tunauzidisha kwa saa za matumizi, nasi tunapata ampea-saa. Kwa mashua yetu ya mita 8, kwa usiku wa saa 12, mambo yaweza kuwa hivi. Taa za usalama za aina ya LED, jumla wati 3, huchukua robo ampea, hivyo ampea-saa 3. Redio ikiwa inasikiliza tu huchukua karibu ampea 0.4, hivyo 4.8, na ikizungumza kwa nguvu yake yote ya wati 25 huchukua ampea 5 hadi 6, lakini kwa dakika 10 za maongezi gharama hiyo haifiki hata ampea-saa 1. Kipokezi kidogo cha satelaiti chenye kuchukua ampea 0.2 kinatudai 2.4. Kitafuta-samaki cha ampea 0.8 kikiwashwa saa 6 kinadai 4.8. Jumla ni karibu ampea-saa 16 kwa usiku mmoja. Tukitaka chombo kiweze kukaa usiku mbili bila kuchaji, tunahitaji 32, na kwa kuwa tunatumia nusu tu ya betri ya risasi, betri yetu iwe ya ampea-saa 64 au zaidi. Ile ya 70 inatosha.

Walimu watambue hapo jinsi taa zilivyobadilika. Balbu ya zamani ya wati 10 peke yake ingekula ampea-saa 10 katika usiku huohuo. Mabadiliko hayo ya taa, kwa maoni yangu, yamemfaa mvuvi mdogo kuliko vioo vyote vya rangi.

Sasa tuje kwenye kuchaji. Paneli ya jua ya wati 50 hutoa karibu ampea 2.8 katika jua kali. Tukihesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, tunapata ampea-saa 14. Betri ya risasi haishiki yote inayopewa. Ili tuirudishie zile 16 twahitaji kuipa kama 19 au 20. Paneli hiyo basi haitoshi, na ubaya wake ni kwamba haitaonekana upesi kuwa haitoshi: kila siku betri itakosa kidogo, nayo itakufa kwa kiu ya polepole, kisha lawama ataipata muuza betri. Paneli ya wati 80 hutoa karibu 22, nayo inatosha. Lakini angalia: tukikiondoa kitafuta-samaki, mahitaji hushuka hadi 11, na ile paneli ya wati 50 inakidhi. Bei ya kweli ya kitafuta-samaki, kwa hiyo, ni ile ya dukani pamoja na tofauti ya bei kati ya paneli mbili. Na paneli iwekwe mahali ambapo kivuli cha tanga wala cha mlingoti hakiiangukii mchana, maana kivuli chembamba juu ya seli chache hupunguza mkondo wa paneli nzima.

Waya ni jambo dogo linaloharibu mambo makubwa. Redio iliyo mita 5 kutoka kwenye betri ina waya wa mita 10, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wenye eneo la milimita za mraba 1.5 na urefu huo una ukinzani wa omu 0.115 hivi. Mkondo wa ampea 5 ukipita, volti 0.57 hupotea njiani. Katika nyumba yenye umeme wa volti 230 upotevu huo si kitu. Katika chombo ambacho betri yake imefika volti 12.2, redio itapata 11.6, na nyingine hugoma kurusha katika kiwango hicho. Kwa waya wa milimita za mraba 4 upotevu ni volti 0.2 tu. Hii ni Kanuni ya Ohm, haina zaidi, na sijui kwa nini vitabu vyetu huifundisha kwa balbu na betri za tochi peke yake. Nyongeza mbili: waya uwe wa nyuzi zilizopakwa bati, kwa kuwa shaba tupu huliwa na chumvi hata ndani ya mpira wake; na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana waya ukichubuka kabla ya kuifikia fyuzi, hakuna kitakachouzuia moto.

Wapo watakaosema kwamba redio imepitwa na wakati, kila mvuvi ana simu. Nawaheshimu, lakini hawajafikiri vya kutosha. Simu humwita mtu mmoja, ambaye huenda amelala; nayo hutegemea mnara ulioko nchi kavu. Redio ya baharini katika chaneli ya 16, yenye masafa ya megahezi 156.8, husikiwa na kila chombo kilicho karibu kinachosikiliza, ikiwemo meli ambayo nahodha wake hajui namba ya mtu yeyote kijijini. Umbali wake hutegemea zaidi urefu wa antena kuliko wingi wa wati. Kwa makadirio, upeo wa antena kwa kilometa ni 4.1 mara kipeuo cha pili cha urefu wake kwa mita. Vyombo viwili vyenye antena za mita 4 husikilizana kwa kilometa 16 hivi. Mabaharia wawili walioketi na redio za mkononi, mita 1 juu ya maji, husikilizana kwa 8 tu. Mlingoti, basi, ni sehemu ya redio.

Hoja nzito zaidi ni ile ya mvuvi mwenyewe: redio haivui samaki, na mkopo hulipwa kwa samaki. Hoja hiyo siwezi kuipuuza, na mwenye kumfundisha mvuvi uchumi wake amwendee kwa adabu. Lakini na kitafuta-samaki nacho kichaguliwe kwa fizikia. Sauti husafiri majini mita 1,500 hivi kwa nukta. Kutoka kina cha mita 30 mwangwi hurudi baada ya nukta 0.04. Masafa ya kilohezi 200 huonyesha mambo kwa undani lakini hayafiki mbali; ya 50 huzama zaidi. Anayevua kati ya Unguja na bara, au kati ya Mafia na delta ya Rufiji, yuko juu ya maji ya kina kidogo, naye hahitaji chombo cha nguvu nyingi. Anayevua katika mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, hali yake ni nyingine. Kuwauzia wote wawili kifaa kimoja kwa sababu kioo chake ni kipana ni kumdhulumu mmojawapo.

Vipo vitu visivyoomba hata ampea moja kutoka kwenye betri, na hivyo ndivyo ningevinunua kwanza. Mashua ya mbao huakisi kidogo sana mawimbi ya rada ya meli. Bamba tatu za alumini zilizounganishwa kwa pembe mraba, zikitundikwa juu mlingotini, huyarudisha mawimbi hayo yalikotoka. Ukizidisha upande wa bamba mara mbili, nguvu ya mwakisiko huongezeka mara 16; karakana yoyote ya shule yaweza kuvitengeneza. Cha pili ni kitoa-ishara cha dharura cha megahezi 406, chenye betri yake yenyewe, kinachosikiwa na satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa mwaka 1979 na Marekani, Kanada, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti. Kile cha chombo hutakiwa kufanya kazi kwa saa 48. Jihadharini na vya mitumba vya megahezi 121.5 peke yake: satelaiti ziliacha kuvisikiliza tangu Februari 1, 2009, kwa hiyo anayekiwasha akitegemea satelaiti hakuna imsikiayo. Cha tatu ni tochi nzuri. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 huruhusu chombo cha tanga kisichofika mita 7, kisichoweza kubeba taa za kawaida, kiwe na tochi au taa yenye mwanga mweupe tayari mkononi. Mashua yetu ya mita 8 haimo katika ruhusa hiyo. Taa zake hazina hiari.

Limebaki jambo la taa za dagaa, kwa wenzetu wa pwani na wa maziwa makuu, ambako karabai zimekuwa zikiiachia nafasi LED. Taa 5 za wati 10 kwa saa 10 hula karibu ampea-saa 42, karibu mara tatu ya vifaa vyote tulivyohesabu. Taa hizo zipewe betri yake, na isiunganishwe na ile ya redio kwa namna yoyote. Mwenye chombo atashawishika kuziunganisha usiku ambao samaki ni wengi na taa zimeanza kufifia. Kwa hiyo nashauri hata vichwa vya waya viwe vya namna mbili tofauti, visivyoingiliana.